Kipenga, Fundi Magodoro Aliyeogopa Kufeli Kupumua

Tumekuja kumsindikiza mtu ambaye nusu ya mji huu imelalia kazi ya mikono yake. Kama umeamka leo bila maumivu ya mgongo, mshukuru marehemu. Kama umeamka nayo, basi godoro lako ulinunua kwingine.

Marehemu, ambaye wote tulimwita Kipenga, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, saa moja asubuhi, katika nyumba ya vyumba vinne nyuma ya ghala la pamba. Alikuwa mtoto wa tatu na wa kiume wa kwanza. Mjomba wake, kitinda mimba wa upande wa mama, ambaye ndiye aliyeombwa na familia kuandika wasifu huu, alikuwa na miaka mitano. Alitumwa kumwita mkunga, akarudi na mshona nguo, kwa kuwa mlango wa mshona nguo ulikuwa karibu zaidi. Mtoto alizaliwa salama, na mjomba hajaacha kujigamba mpaka leo kwamba yeye ndiye aliyempokea duniani.

Alianza shule Januari 1966. Alipofika darasa la tatu alimkuta mjomba wake humo humo, mwaka wa tatu mfululizo, akimsubiri, kama mjomba anavyoeleza mwenyewe. Jina la Kipenga alilipata mwaka huo. Filimbi ya mwalimu wa michezo ilipotea, marehemu akaingiza vidole viwili mdomoni, akapuliza, na shule nzima ikapanga mstari pamoja na mwalimu mkuu. Pamoja na pumzi zote hizo, mtihani ulimtisha kuliko nyoka. Asubuhi ya mtihani alikuwa anatapika, kisha anaingia darasani na kufaulu. Alimaliza darasa la saba mwaka 1972. Mjomba naye alimaliza, kwa namna yake.

Machi 1974 aliajiriwa katika karakana ya magodoro, akapewa mashine ya kuchambua pamba. Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha madogo mawili, na mashine ikiwashwa vumbi la pamba lilijaa, mtu aliye mlangoni hamwoni aliye mwisho wa chumba. Walifunga vitambaa puani. Jioni mafundi wote walitoka na nyusi nyeupe wakachekana: "Mzee, umezeeka tangu saa nne!" Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na minane, na sigara mbili kwa siku, "za kusafishia koo" kama alivyosema. Hakuna aliyejua kinachoingia kifuani. Au tulijua, tukakohoa, tukaendelea.

Ndoa yake ilitokana na godoro. Mwaka 1981 alikuja dada mmoja karakanani, mkali, akidai godoro alilonunua lina nundu. Marehemu akalipasua mbele yake. Ndani kulikuwa na kofia ya mjomba, ambaye alikuwa amefanya kazi hapo wiki mbili tu.

"Na kichwa chake kiko wapi?" dada akauliza.

"Hicho hakijawahi kuonekana," marehemu akamjibu.

Walifunga ndoa tarehe 12 Juni 1982, wakajaliwa watoto wanne. Mjomba anaomba ikumbukwe kwamba bila kofia yake hao watoto wasingekuwapo.

Kikohozi kilianza mwaka 2009. Mwaka 2012 alishindwa kupandisha godoro ghorofani, akalikalia kwenye ngazi mpaka wapita njia wakalibeba, na siku ile ile akaacha kazi. Daktari alimwambia ni ugonjwa sugu wa mapafu. Hauponi, ila unaweza kuishi nao ukiuangalia kwa karibu. Tarehe 8 Februari 2021 aliingizwa kwenye utafiti wa hospitali, pamoja na wagonjwa wengine wa kifua, wengine wao wakiwa na sukari na presha pia. Walikuwa wanapimwa kila baada ya miezi mitatu, ili ijulikane wenye magonjwa ya aina hii wahudumiwe vipi wakiwa nyumbani. Na kila Jumatatu saa nne asubuhi muuguzi wa utafiti alimpigia simu.

Chumba cha kupimia pumzi kwa mashine kilikuwa mwisho wa ukumbi, na kalamu yake imefungwa kwa uzi mezani. Muuguzi alikuwa binti mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. "Vuta, baba, vuta, jaza kifua! Haya, puliza! Puliza, puliza, usiache, bado ipo, itoe yote!"

"Ipo wapi?" marehemu alimwuliza alipopata pumzi ya kuulizia. "Nimekupa mpaka ya jana."

Basi, kwenye benchi la kusubiri, dereva mmoja mstaafu wa malori akamnong'oneza: "Unamkumbuka yule aliyekaa hapa mara ya mwisho? Kapuliza kidogo, leo hayupo. Ukishindwa wanakutoa."

Maneno hayo yalimwingia. Karakana haikuwahi kumpigia simu hata mara moja, na watoto wana shughuli zao. Lakini kila Jumatatu palikuwa na mtu wa kumwuliza, "Baba, umeamkaje? Umepanda ngazi ngapi wiki hii?" na kungoja jibu hata lichukue dakika tatu kutoka. Hilo hakutaka kulipoteza. Akamwita mjomba wake, na mjomba, badala ya kumwambia aende akaulize, akajifanya kocha.

Tangu Agosti 2021 walikuwa na utaratibu. Siku tatu kabla ya kliniki, marehemu hakuinuka kitini hata kufuata maji. Ile pampu ya dawa ya kuvuta, aliyoagizwa kabisa asiiguse asubuhi ya kipimo, aliivuta mara nne chooni palepale hospitalini, mjomba akiwa amesimama mlangoni na kuwaambia watu choo kimeharibika. Kisha aliingia, dawa ikiwa imemfungua kifua kwa muda, akapuliza, na namba ikatoka nzuri. Kwenye daftari la hali ya kila siku alilopewa na muuguzi aliandika "sijambo." Njia nzima ya kurudi mjomba alimsifu: "Mpwa wangu, wewe ni wa kwanza darasani!" Marehemu alitabasamu bila kujibu, kwa kuwa pumzi ya kujibu ilikuwa imebaki kule kwenye mashine.

Walifanya hivyo kliniki sita. Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Kuvaa shati kulimchukua nusu saa. Alikula akipumzika kati ya tonge na tonge. Mkewe alimpepea kwa mfuniko wa ndoo, akamfungulia dirisha, akamsogezea kiti, kisha akabaki amesimama, kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kufanya. Mara mbili alisema, "Nitamwambia yule binti." Mara zote mbili marehemu alimshika mkono, akatikisa kichwa. Ukishikwa mkono na mtu asiye na pumzi ya kukubembeleza, utasema nini?

Tarehe 17 Januari 2023 muuguzi alifika nyumbani bila taarifa, kuleta daftari jipya. Alimkuta amekaa kwenye ngazi ya tatu, hawezi kupanda wala kushuka. Akatoa mashine ndogo ya mkoba, marehemu akapuliza. Muuguzi akaitazama namba.

"Mashine imeharibika," akasema. Akabadilisha kikaratasi cha mdomoni, akapuliza mwenyewe. Ikasoma vizuri. Akampa tena marehemu. Namba ikawa ile ile, chini ya nusu ya ile ya Novemba.

Mkewe akasema, "Mwanangu, mashine ni nzima. Hawa wawili ndio wabovu." Akamweleza yote, maneno ya benchini, pampu, choo na kocha.

Muuguzi alikaa ngazi ya pili. Hakugomba, na ingekuwa afadhali angegomba. "Baba," alisema, "hakuna anayefukuzwa kwa kupuliza kidogo. Anayepuliza kidogo ndiye tunayemtafuta. Ungepelekwa kwa daktari bingwa wiki hiyo hiyo. Yule mwenzenu alihamia kwa binti yake, basi."

Mjomba alikuwapo. Ana maneno mengi, mnamjua. Siku hiyo alitoka mbio kutafuta gari la kwenda hospitali.

Alilazwa siku ile ile, kitanda cha sita, karibu na dirisha, akawekewa oksijeni. Mkewe alimwuliza daktari bingwa, "Angesema kweli tangu mwanzo, angekuwa kitandani hapa leo?"

"Mama, mapafu yakishakufa hayarudi," daktari alimjibu. "Angepata nafuu mapema zaidi. Ingemwongezea muda gani, sijui, nisikudanganye." Jibu hilo tumelibeba mpaka hapa, na hatujui pa kuliweka.

Marehemu aliomba jambo moja tu: namba zake za uongo zifutwe, asije mgonjwa mwingine akatibiwa kwa pumzi ambazo hazikuwepo. Muuguzi alimweleza kwamba hazifutwi, ila zinaweza kuandikiwa maelezo. Kwa siku nne alitamka, maneno mawili, oksijeni, maneno mawili, oksijeni, na mjomba akaandika kwa mwandiko wake mbovu: Agosti, pampu mara nne, Novemba, pampu mara nne, Februari, pampu mara nne na uongo juu. Zilipotimia zote sita aliweka sahihi. Aliuliza, "Bado nimo?" Muuguzi akamjibu, "Bado umo, baba."

Alifariki Alhamisi, tarehe 2 Februari 2023, saa nane mchana, akiwa na miaka 64. Mkewe alikuwa amemshika mkono wa kulia, mjomba wa kushoto. Oksijeni ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na dirisha pia. Wote chumbani tulikuwa tunapumua bila shida, na hakuna aliyeweza kumgawia.

Jana muuguzi alikuja msibani na fomu ya mwisho ya utafiti. Mjomba aliichukua, akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma. Sababu zilizoandikwa za mgonjwa kutoka kwenye utafiti ni tatu: amehama, amejitoa mwenyewe, amefariki.

"Nafasi ya kufukuzwa iko wapi?" mjomba akauliza.

"Haipo, mjomba," muuguzi alisema. "Haijawahi kuwepo."

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, dada wawili, na mjomba mmoja, mkubwa kwake kwa miaka mitano, ambaye hakutarajia kumwandikia haya.

Mungu ampumzishe kwa amani.