Fundi Hamud na Mashine Isiyopata Moto Upesi

Baada ya miaka ishirini na nane ya kazi, Fundi Hamud bin Abdulla anastaafu tarehe 31 Desemba 1957. Karakana yetu ya Gerezani inampoteza mtu pekee aliyeielewa mashine kuukuu ya kukereza chuma, au angalau mtu pekee aliyethubutu kusema kwamba anaielewa.

Mwaka wake wa kwanza alizikaza beringi za shafti kuu ya mashine hiyo asubuhi, chuma kikiwa bado baridi. Kufika adhuhuri zilikuwa zimetanuka kwa joto, shafti imekwama, na ekseli iliyokuwa ikikerezwa humo, ya kinu cha unga cha Bwana Melkiori, mfanyabiashara wa Kariakoo, imeharibika vibaya. Bwana Melkiori alikuja mwenyewe akasema mengi, mengine kwa Kichaga, na hakuna aliyehitaji tafsiri.

Tangu siku hiyo Fundi akaweka sheria: mashine izungushwe bila kazi mpaka ipate moto, ndipo aweke kiganja juu ya beringi, alegeze nati hii, akaze ile. Ni ufundi halali, tunakiri. Ila kiganja chenyewe kilikuwa kigumu kuridhika. Sadalla muuza kahawa akigonga vikombe mlangoni, mashine haijapata moto. Tukimaliza kikombe cha pili na habari zote za mpira za Ilala, ndiyo kwanza vuguvugu. Wataalamu watueleze kwa nini mwezi wa Ramadhani mashine hiyohiyo ilipata moto mara moja.

Lakini tusimwonee. Shafti alizokereza zinazunguka hadi leo katika vinu vya Kariakoo, na Bwana Melkiori hapeleki kazi yake kwa mtu mwingine.

Mwezi uliopita ililetwa mashine mpya, yenye beringi zisizotaka kukazwa kila asubuhi. Bwana Meneja alitangaza kwa furaha kwamba sasa kazi itaanza saa moja kamili. Tulihuzunika kweli, na tuseme wazi: kilichotuuma si kuondoka kwa mashine kuukuu, ni kahawa yetu.

Fundi Hamud aliombwa aizindue. Aliiwasha, akaweka kiganja, akafumba macho. Kisha akamweleza Bwana Meneja, kwa adabu zote, kwamba mashine hii ni ngeni, haijazoea hewa ya Dar es Salaam, kwa hiyo itataka muda mrefu kuliko ile ya zamani. Bwana Meneja alimtazama, akatutazama sisi, kisha akaagiza aletewe kikombe.

Ahsante, Fundi Hamud. Tunakupenda. Nenda ukapumzike kwa afya na heri, na asubuhi zako zote ziwe ndefu.