Zambarau Isiyofutika

Asalaam aleikum, akina mama. Wakubwa zangu, shikamooni. Nimeombwa nisimame niseme, na kwangu kusimama na kusema kwa pamoja ni kazi, kwa hiyo nikikatika katikati msidhani nalia. Navuta hewa. Kulia nako nitalia, mtaona tofauti.

Wengi hapa Misugusugu mmenikuta hivi, nikipanda kilima kidogo nasimama kama mbuzi aliyesahau aendako. Sikuzaliwa hivi. Nilipoolewa Chole, kule Kisarawe, nilibeba ndoo kichwani na kuni mkononi, na njia nzima nasengenya.

Ile miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa tulipewa kiwanja, tukajenga haraka haraka, kuta hazijakandikwa vizuri. Mvua zikatukuta humo. Nilikuwa na mimba ya kwanza, imeshakuwa kubwa. Homa ikaanza, na kikohozi, na ubavu unachoma kila nikivuta pumzi. Nikasema ni mafua. Akina mama, sisi haya mafua tumeyabebesha mizigo mingi isiyo yake.

Ikafika mahali napumua mbio mbio, na nimekaa tu. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alinipenda kweli, msimhukumu. Alinitazama akasema, "Huyu pumzi anazo. Mbona anapumua kutushinda sote?" Kila mtu akakubali, na mimi nikakubali. Nani angedhani mtu anaweza kupumua sana hivyo huku anakosa hewa?

Kisha midomo ikageuka rangi. Ulikuwa msimu wa zambarau, na mja mzito mnamjua kwa vitu vikali vikali. Majirani wakija kunijulia hali wananitania, "Wifi, zambarau zote umemaliza wewe! Hata moja hukutubakizia?" Sikuwa nimeonja hata moja. Nilitaka kuwaambia, lakini maneno yanataka pumzi, na mimi sina. Nikatabasamu, wakaondoka wakicheka.

Wakanipiga nyungu. Chungu cha majani kinachemka, blanketi zito juu yangu. Humo ndani niliogopa, ndugu zangu, niliogopa kama mtu anayefukiwa huku anawasikia watu wakiongea mambo ya sokoni. Na mtoto, aliyekuwa akicheza sana tumboni, akatulia. Mama mkwe akasema amelala.

Mume wangu aliporudi kutoka shamba la kijiji alinifunua. Akachovya ncha ya kanga yangu kwenye maji, akanifuta midomo. Akafuta tena, kwa nguvu, mpaka ikauma. Akaitazama ile kanga. Upande ule ulikuwa mweupe, na ulibaki mweupe.

"Mama," akasema, "hii zambarau haitoki."

Akatoka mbio kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Lori la kijiji lilikuwa limeshapakia korosho; mwenyekiti akaamuru magunia yashushwe, nikapandishwa mimi na kitanda changu cha kamba. Hospitalini nikavalishwa kifaa puani chenye mpira uliotoka kwenye mtungi wa oksijeni, na sindano zikafuata.

Nilipopata akili, muuguzi mmoja alikaa kando yangu akanieleza. Alisema mapafu si mifuko miwili mitupu. Ndani mna vifuko vidogo vidogo visivyohesabika, vimeshikana kama mayai ya samaki, na kila kimoja kimezungukwa na mishipa ya damu myembamba mno. Hewa ikifika humo, oksijeni inapenya kuingia kwenye damu, na hewa chafu inatoka kwenye damu ili tuitoe nje. Mabadilishano hayo ndiyo kupumua kwenyewe. Kifua kupanda na kushuka ni kubisha hodi tu. Vifuko vyangu vilijaa maji na usaha. Nilikuwa nabisha hodi, hakuna wa kufungua. Na damu ikikosa oksijeni hupoteza wekundu wake, ndiyo ile rangi ya midomo na kucha.

Nikamuuliza, "Na mtoto?"

Akanishika mkono. Akasema mtoto wa tumboni anapumua kwa damu ya mama yake.

Alizaliwa, hakulia. Alikuwa wa kike. Watu waliniambia nishukuru kwamba nimepona, na nimeshukuru. Baadaye nilijaliwa wengine. Yeye hakurudi, na mapafu haya nayo hayakurudi yote. Siwezi kuwapambia, huo ndio ukweli wake.

Namshukuru mume wangu. Nawashukuru waliobeba kitanda kile, na yule muuguzi aliyenieleza bila kunifokea. Namshukuru mama mkwe, aliyenichotea maji mpaka anaingia kaburini, na hakugusa tena zambarau maishani mwake.

Nawaambia, anayepumua mbio huku amekaa, anayeshindwa kumaliza sentensi, ambaye mbavu zinaingia ndani kila akivuta, huyo si wa blanketi. Msingoje atulie. Kutulia kwake ndiko kubaya zaidi.

Basi mimi nimemaliza, kwa sababu nilikuwa nasema hapa huku sikio langu liko kule nyuma. Wewe mwanangu uliyejitanda mtandio mpaka puani, unapumua mara mbili kila mwenzako akipumua mara moja. Akina mama, mpisheni. Fungueni dirisha hilo. Njoo huku kwenye mwanga, mama, jifunue nikuone.