Zefania Mkumbo: Miaka 32 ya Mafuta ya Taa na Chokaa

Bwana Zefania Mkumbo, Mkuu wa Minara katika karakana yetu ya vinu vya upepo hapa Singida, anastaafu tarehe 30 Juni 1998 baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Uongozi umeniomba mimi, msaidizi wake, niandike wasifu wake. Nimekubali, ingawa wenzangu wanajua kwamba cheo chake nimekitamani tangu mwaka 1984, na wivu wangu haujawahi kuwa siri. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Alizaliwa Shelui, akaajiriwa mwaka 1966 kama kibarua wa kuchimba mashimo ya misingi. Hana cheti chochote. Mimi ninacho, nimekitundika ukutani, na miaka yote hii wageni wakiingia ofisini wanakaa chini yake na kuniuliza Mzee Mkumbo yuko wapi. Kule Sepuka mnara wa kisima unaitwa wa Zefania, wakati bolti zote nilikaza mimi. Siku ya kuuzindua yeye alipewa jogoo. Mimi nilipewa maji ya kunywa.

Kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta nyufa. Kinu cha upepo kinachovuta maji kisimani husimama juu ya miguu minne ya chuma, na wengi wetu tuliogopa dhoruba. Yeye aliogopa upepo wa kawaida, huu wetu wa kila siku, unaoutikisa mnara kidogo kidogo mwaka mzima. Chuma nacho huchoka, alikuwa akisema. Mhandisi mmoja kijana alipotoka Dar es Salaam na kumbishia, Bwana Zefania alimpa spoku ya baiskeli, akamwomba aikunje na kuikunjua huku wakiendelea na mazungumzo. Chai haijapoa, spoku ikakatika. Mhandisi akaliandika jambo hilo kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nimemweleza lilelile asubuhi, tena kwa mahesabu, na hakuandika kitu.

Vifaa vyake vilikuwa kopo la mafuta ya taa, tambara na chokaa. Alipaka mafuta kwenye viungo vya mnara, akayafuta mpaka pakakauka, kisha akapaka chokaa. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka taratibu na kuchora mstari mweusi juu ya weupe. Mkewe, Bi. Cecilia, aliwahi kulalamika kwamba nyumbani wanakaa gizani ili minara ya watu ioge. Na ile methali yetu ya kuziba ufa aliikataa kabisa kazini: ufa wa chuma hauzibwi, alisema, mguu wenyewe ndio hubadilishwa.

Hilo la mwisho sikulisikiliza. Mwaka 1993 mnara wa Sepuka ulianza kutikisika kuliko kawaida, yeye akiwa likizo, nikaona zamu yangu imefika. Nikachomelea vibao vinene vya chuma kwenye miguu yote minne, kazi nadhifu, nikajisifu mpaka Manyoni. Aliporudi alivitazama, akasema mguu umekazwa mno sehemu moja, kwa hiyo utaumia pale kibao kinapoishia. Nikaona ni choyo.

Mwaka 1995 karakana ilikuwa inauzwa kwa mwekezaji, kama mashirika mengi ya wakati ule, na ilijulikana kwamba kati yetu tisa watabaki wanne. Tajiri mpya alipanga kuuona mnara wa Sepuka, na watoto wa shule waliandaliwa kumwimbia chini yake. Siku moja kabla, Bwana Zefania alipanda na kopo lake. Alipomaliza alifunga breki ya kinu, akashuka na kutangaza kwamba mguu mmoja umetoa mstari mweusi, mtu yeyote asikaribie. Bi. Saada wa kamati ya maji akamwuliza kwa ukali kina mama watachota wapi. Mimi nikasema mbele ya watu wote kwamba mstari ule ni uchafu wa rangi tu, na kwamba mzee ananitafutia kosa ili abaki yeye.

Akanipa tambara. "Panda ukafute, mdogo wangu," alisema. "Mstari ukifutika, mimi nitakuomba radhi hapahapa."

Nilipanda. Nilifuta mara tatu na kupaka chokaa mara tatu, na mara tatu mstari ulirudi, palepale kibao changu kilipoishia. Tulipoulaza mnara kwa kamba, mguu ule ulikatika kabla haujagusa ardhi.

Tajiri alitaka jina la mwenye kosa. Bwana Zefania akaandika taarifa ya mistari miwili: kwamba chuma kimechoka, na kwamba yeye alichelewa kukagua. Hakuchelewa hata siku moja. Alipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya pekee katika utumishi wake, na mimi nikawa mmoja wa wale wanne. Nilipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba watoto wake wameshakua na wangu bado, kisha akaniomba nimshikie ngazi. Hapo ndipo wivu uliponizidi. Mtu akikushinda kwa kazi unaweza kusema ana bahati. Akikushinda kwa utu huna la kusema, na mimi nimekaa miaka mitatu bila kusema.

Kuanzia tarehe 1 Julai cheo cha Mkuu wa Minara ni changu. Kabla sijakipokea, naomba jambo moja kwa uongozi, mbele ya wote wanaosoma hapa: barua ile ya onyo itolewe kwenye faili la Bwana Zefania, iwekwe kwenye langu. Mkiona baada ya hapo kwamba cheo hakinifai, mtakuwa mmetenda haki.

Bwana Zefania, karakana nzima inakushukuru. Nenda Shelui na Bi. Cecilia mkale jasho lenu kwa afya na amani, na Mungu awazidishie miaka.

Joshua Msengi,
aliyechomelea vibao vya Sepuka.