Filamu Moja Katika Nchi Tatu

Ndugu waombolezaji, maneno haya yameandikwa na mama mzazi wa marehemu, nami mjomba nimeagizwa niyasome kama yalivyo, bila kuyatia sukari.

Marehemu, ambaye wengi hapa mlimwita Mapazia, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1978, katika zahanati iliyo nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, na jina hilo la utani alilipata akiwa na miaka sita, alipong'oa pazia la sebuleni, akalitundika uani na kuwaonyesha wenzake michezo ya vivuli, akachapwa, na kesho yake akalitundika tena.

Alianza shule ya msingi Januari 1985, akamaliza kidato cha nne mwaka 1995 kwa alama za kawaida, isipokuwa katika insha. Mwaka 1997 aliajiriwa katika studio ya picha ya mtaa wa pili, ambako kwa miaka kumi na minne alipiga video za harusi za watu, akajifunza kuhariri kwenye kompyuta iliyokuwa ikizimika yenyewe, na tarehe 18 Septemba 2004 akafunga ndoa na fundi wa sauti wa studio hiyo hiyo, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2007.

Kati ya mwaka 2012 na 2015 aliandika na kuongoza filamu yake, ya wanawake wawili wafua nguo wanaogombea bomba moja la maji, iliyopigwa nyumbani kwa mama yake, na kwa wiki saba mama huyo alipika kwa kunyata ili sufuria zisisikike. Tarehe 6 Juni 2016 mnunuzi kutoka nje alimletea mkataba wa kurasa thelathini na mbili, huku akitazama saa kwa kuwahi ndege, marehemu akasaini, na katika kifungu cha kumi na moja, alichokisoma baada ya mwaka mzima, alikuwa ameandikwa mwajiriwa, yeye ambaye hakuwahi kupewa na watu hao hata kitambulisho cha getini.

Alianza kusoma sheria aliposikia kwamba filamu inaonyeshwa huko ikiwa na jina la mnunuzi mahali pa jina lake. Aligundua kwamba katika nchi ya mnunuzi kazi ya mwajiriwa huhesabiwa kuwa imetungwa na mwajiri, jambo alilotueleza huku akicheka kicheko kisicho na furaha, akisema, "Kwao kitanda hakizai haramu, mwenye kitanda ndiye mwenye mtoto," lakini katika nchi ya jirani yao, mwendo wa saa mbili kwa treni, jina la mtunzi haliuziki hata mwenyewe akitaka kuliuza, na barua yake moja ilitosha, likarudishwa kwenye skrini za huko ndani ya wiki sita. Filamu ni ile ile, ila ikivuka mpaka inabadilishiwa mama.

Kwetu sheria inalinda jina, mradi mdai athibitishe kwamba kazi ilikuwa yake kabla ya mkataba, na kwa kuwa kompyuta ya studio, aliyoitumia hata kwa filamu hiyo, ilikwishakufa na vyote vilivyokuwamo, Aprili 2018 wakili alimtaka alete rasimu za mkono wake. Rasimu hizo zilikuwa madaftari kumi na moja, yaliyowekwa katika boksi chini ya kitanda cha mama yake, na mama yake alikuwa ameyatumia kuwashia jiko, moja moja, katika mvua za mwaka uliotangulia, mkaa ulipolowa, kwa sababu filamu ilikuwa imekwisha, na nani hutunza mabua baada ya kuvuna. Hili limeandikwa hapa ili lisije likasemwa pembeni. Marehemu alisimama mlangoni akauliza, "Mama, yote?" akajibiwa, "Yote," na tangu siku hiyo hakulitaja tena, heri angefoka.

Shauri lilitupwa tarehe 9 Oktoba 2019, na mwezi uliofuata filamu ikaonyeshwa katika jumba la sinema la mjini, mtaa wa tatu kutoka mahakamani, bila jina lake, naye akamkataza binti yake kwenda.

Machi 2022 alianza kuvimba miguu, hospitali wakagundua ni figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, hadi Jumapili tarehe 13 Agosti 2023, saa nane mchana, alipofariki akiwa na miaka arobaini na mitano. Wako wanaosema ameuawa na filamu, lakini madaktari wamesema figo, na familia inashika neno la madaktari.

Tunawashukuru madaktari hao, na wauguzi waliomwita dada badala ya kumwita namba ya kitanda, majirani walioleta maji na viti bila kuombwa, na wenzake wa studio waliofunga kazi wiki nzima. Kampuni ya mnunuzi nayo imeleta shada lenye kadi isemayo, "Kwa mfanyakazi wetu mpendwa". Mama amelipokea shada, maana maua hayana kosa, na kadi amemrudishia dereva.

Juu ya kaburi, mama ameagiza liandikwe jina lake kamili, na chini yake maneno haya, kwamba aliandika na kuongoza filamu moja. Anayebisha aende mahakamani.

Pumzika kwa amani, mwenye filamu.