Nilivyokubali Kwenda Kuona Visu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe zaidi na ninyi mliotoka zamu mkaja hapa bado mmevaa sare, maana najua mmeuacha usingizi kitandani na mnaupenda sana.

Kwa wasionijua, naitwa Peris. Nafanya kazi jikoni katika hoteli moja kule Al Sadd, hapa Doha, na ninakaa Al Wakrah kwenye makazi ya kampuni. Leo nimeomba nafasi hii kwa sababu Alhamisi ninapanda ndege kwenda Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya visu. Naona wengine mnacheka. Chekeni tu, hata mimi ningecheka. Lakini nusura niikatae safari hii, na sababu ya kutaka kuikataa ndiyo ushuhuda wangu.

Kwetu ni Vihiga, mahali ambapo mashamba ni madogo na mpaka ni jambo zito. Baba yangu na jirani yetu waligombana kwa muda mrefu juu ya mstari wa mikaratusi. Ulikuwa ugomvi wa maneno, na sisi watoto hatukuuhesabu kitu. Tulitumwa kule kuomba chumvi, watoto wake wakatumwa kwetu kuomba jembe. Siku moja jirani alinikuta peke yangu uani nikiosha vyombo, akaniomba panga akakate fito. Nikampa. Nilimpa kama tulivyofunzwa, mpini ukimwelekea yeye na makali yakinielekea mimi.

Hakulirudisha siku ile, wala iliyofuata. Alipokuja nalo ilikuwa mchana, baba akiwa amekaa nje anakula. Ndugu zangu, hayo mengine sitayasema mbele ya watoto. Baba alikufa kabla ya gari kupatikana. Mimi nilikuwa mlangoni, na panga nililitambua kwa sababu ya waya uliofungwa kwenye mpini. Lilikuwa letu. Nililitoa mimi kwa mkono wangu.

Jirani alishtakiwa, akafungwa. Mimi sikumwambia mtu kuwa ndimi niliyemwazima. Nilikaa na jambo hilo mpaka nikawa mtu mzima, nikaokoka, nikapanda ndege nikaja huku, na lenyewe likapanda pamoja nami.

Sasa mtu ataniuliza, ilikuwaje mwoga wa visu akafanya kazi jikoni? Kazi ndiyo iliyopatikana, ndugu yangu. Wakala alisema jikoni, nikasema ndiyo. Nikaanza kwenye jiko la saladi, na kila wakati nilichagua meza ya ukutani ili mtu asipite nyuma yangu na kisu. Nilikula kwa kijiko. Machungwa nilimenya kwa kucha. Mmeniona kila Krismasi tukienda kule shambani Umm Salal kuchoma mbuzi, mimi niko upande wa chapati, nyuma ya magari. Mlidhani napenda chapati!

Halafu msimamizi akatafuta mtu wa kutunza kabati la visu, nikaruka kuomba kazi hiyo. Wenzangu walishangaa. Lakini mimi kisu kilichofungiwa kabatini sikukiogopa. Nilichoogopa ni kisu kilichoko mkononi mwa mtu, ambacho sijui kitarudi lini. Ndani ya kabati kuna ubao uliochorwa umbo la kila kisu, na jioni nafasi moja ikibaki wazi, mimi sikuweza kupumua vizuri. Kuna siku kisu cha kukatia nyama kilipotea. Nilifunga mlango wa jikoni nikawazuia watu, basi la wafanyakazi likaondoka likatuacha, mpaka kisu kikaonekana chini ya masufuria kwenye sinki. Tangu hapo wakaniita Mama Kabati. Niliitikia, nikacheka nao, nikaenda chooni nikalia.

Bosi wetu wa jikoni ni Mlebanoni, tunamwita Shefu. Huyo alinitazama miaka yote nikifuta visu, nikivinoa, nikivihesabu, nikivifungia, akaelewa vingine kabisa. Aliwaambia wageni kuwa katika jiko lake kuna mwanamke Mkenya anayependa visu kuliko yeye mwenyewe. Basi hoteli ilipoamua kununua visu vipya kwa jiko zima, akaniita ofisini akiwa na furaha kama baba aliyenunua zawadi. Akaniambia kuna maonyesho Ujerumani, mafundi na makampuni wanakuja kutoka kila upande, na hoteli imekubali niende naye pamoja na mtu wa manunuzi. Tiketi, viza, kulala, kila kitu juu yao.

Akanionyesha picha kwenye simu yake. Ukumbi mkubwa, meza ndefu hadi mwisho wa macho, na visu vimelala wazi juu ya vitambaa. Watu wanaviokota, wanavipima uzito, wanapokezana. Hakuna kabati. Hakuna anayehesabu. Ndugu zangu, nilimshukuru kwa heshima, nikatoka, nikaingia chumba cha baridi nikakaa juu ya boksi la letasi mpaka meno yakaanza kugongana.

Nilirudi nikamwomba nipate muda wa kuomba juu ya jambo hili. Alinipa mpaka Jumapili.

Nikaanza kutafuta sababu nzuri za kukataa, na kwa kweli zilipatikana kwa urahisi. Visu viko kwenye mtandao, vina picha na maelezo. Wauzaji wako hapa hapa Doha, ukiwapigia wanakuja na mabegi yao. Safari inachosha, na kule ni baridi, na chakula chao sikijui. Mwenzangu wa chumbani, Nakato, Mganda anayefanya usafi wa vyumba, alinisaidia bila kujua. Alisema ndege nzima kurushwa kwa ajili ya visu ni kufuru, afadhali hoteli inipeleke kwetu nikamwone mama. Nilifurahi kusikia hivyo. Nilitaka watu wengi waseme hivyo.

Lakini kulikuwa na jambo moja upande wa pili, nalo lilinisumbua. Nilimuuliza Shefu mbona visichaguliwe kwenye picha tu. Akanishika kifundo cha mkono, akakielekeza kwa wasichana wa jiko la saladi. Wawili kati yao walikuwa wamefunga bandeji. Akasema visu vyetu vina mipini iliyotengenezwa kwa ajili ya mikono ya wanaume wakubwa, na wanawake wanavishika kutwa nzima kwa nguvu kupita kiasi mpaka mishipa inavimba. Mpini haujulikani kwa picha, akasema, unajulikana kwa kuushika, na mkono wake yeye hauwezi kumchagulia mwanamke. Bandeji zile mimi ndiye niliyekuwa nikizifunga.

Ijumaa, baada ya ibada yetu ya wiki, nikampigia mama yangu. Nilitaka anikataze. Nilijua mama akisema usiende, nitakuwa na sababu ambayo hakuna mtu anaweza kuipinga. Nikamweleza juu ya safari, nikamwambia ni maonyesho ya visu. Nikasikia tu, huko nyuma ya simu, ta, ta, ta, anaendelea kukata nyasi za ng'ombe. Alikuwa ameweka simu kwenye spika, juu ya kitu fulani karibu naye.

Nikamuuliza anakata na nini.

"Na panga," akasema.

"Panga gani, mama?"

"Lile letu. Kwani tuna mangapi?"

Ndugu zangu, nilikaa chini. Nilikuwa kwenye chumba cha kufulia nguo pale tunapokaa, nikakaa sakafuni kati ya mashine na ndoo. Siku zote nilidhani panga lile liko kituo cha polisi, au limetupwa, au limeyeyushwa. Mama akanieleza bila haraka, huku anakata. Kesi ilipokwisha, aliitwa akaulizwa kama analitaka, akasema ni lake, kwa nini asilitake. Alilichukua akaliosha kisimani. Mpini aliuchoma moto, waya akautupa, akachonga mpini mwingine wa mpera. Hakuniambia kwa sababu sikuwahi kuuliza. Na kwa kweli kila alipoanza kuzungumza juu ya siku ile, mimi ndiye niliyekuwa nikikata simu.

Hapo ndipo kinywa changu kilipofunguka. Nilimwambia. Nilisema mama, mimi ndiye niliyempa. Alikuja nikiwa naosha vyombo nikampa kwa mkono wangu, na sijawahi kumwambia mtu.

Ile ta, ta, ta ikakoma.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa ndani, nilikuona kupitia dirisha. Aliomba, ukampa. Mtu akiomba panga anapewa, Peris. Baba yako mwenyewe angempa. Uovu ulikuwa wake, si wako."

Nililia mpaka mtu akaja kuangalia kama mashine imeharibika. Mama aliningoja. Halafu akasema jambo ambalo sitalisahau mpaka nife. Alisema Mama Sela alikuja kuazima panga wiki iliyopita. Ndugu zangu, Mama Sela ni mke wa yule jirani. Mumewe yuko gerezani, na yeye amebaki pale pale ng'ambo ya mikaratusi, analea wajukuu. Sikuamini. Nilimuuliza mama, ukampa? Akasema alimpa.

Nikauliza lile swali ambalo nimeliuliza kila jioni ya maisha yangu.

"Lilirudi?"

"Lilirudi jioni," mama akasema. "Na alikuwa amelinoa."

Sijui niwaelezeje. Nimeombewa mara nyingi hapa. Nimewekewa mikono, nimeanguka, nimeinuka nikiwa vile vile. Siku ile sikuanguka, maana nilikuwa tayari sakafuni. Nilisema tu, Bwana, mama yangu ni mjane na anamwazima panga lile mke wa mtu yule, nami nafungia visu vya hoteli nikilia. Nitoe humu. Basi. Sikuwa na maneno mengine. Na nilipoinuka, mgongo wangu ulikuwa mwepesi. Huu mgongo niliouegemeza ukutani tangu utotoni, nikausikia mwepesi!

Kabla hajakata simu nilikumbuka sababu ya kumpigia. Nikamuuliza, sasa niende au nisiende? Akaniuliza kazi ya huko ni nini. Nikamweleza habari ya mipini na wale wasichana wenye bandeji. Akasema hata mpini wa kwanza wa mpera aliouchonga ulikuwa mnene, ulimuumiza kiganja, akauchonga tena. "Nenda ushike," akasema. "Mpini ni wa kushikwa."

Sitawadanganya kwamba hofu yote iliisha siku hiyo. Jumamosi nilipogawa visu nilivihesabu mara mbili kama kawaida. Lakini nilipomaliza nilikwenda nikasimama meza ya katikati, watu wakipita nyuma yangu wakiita "nyuma, nyuma," kama tunavyoonyana jikoni mtu asigeuke ghafla, nikakata matango yangu. Jasho lilinitoka. Nilikata mpaka mwisho.

Jumapili nikamwendea Shefu nikamwambia ukweli wote, kwamba mimi sipendi visu, kwamba alichokiona miaka hii yote kilikuwa hofu. Alivua kofia yake. Akasema atanisamehe kabisa nisipokwenda, atamtafuta mtu mwingine, na kazi yangu haitaguswa. Ule mlango niliokuwa nimeuomba wiki nzima akaufungua wazi mbele yangu. Nikasikia kinywa changu kikisema hapana, nitakwenda. Alitaka kujua kwa nini. Nikamwambia kwa sababu nataka mkono wa kushika mipini ile uwe wa mtu anayejua kisu kinaweza kufanya nini.

Kwa hiyo mkiniuliza kama inafaa mtu kuruka nchi kadhaa kwenda kutazama visu, mimi nasema inategemea unachokwenda kushika. Mwingine anaweza kubaki na picha akawa sawa. Mimi nikibaki, wale wasichana wataletewa mipini ile ile, na mimi nitarudi ukutani. Mniombee. Sijui nitakavyokuwa nikiingia katika ukumbi ule. Inawezekana nitahitaji kutoka nje kwanza nipumue. Lakini nitaingia tena.

Namshukuru Mungu aliyenifikia katika chumba cha kufulia nguo, penye povu na soksi za watu. Namshukuru kwa mama yangu. Na wewe ndugu yangu uliyekaa hapo, mlinzi, dereva, muuguzi, mfanyakazi wa nyumbani, labda kuna kitu kilitoka mkononi mwako zamani kikaenda kikaumiza mtu, na hukukusudia. Umejifungia nacho. Umekuja nacho huku Doha, unakihesabu kila jioni. Mwambie Bwana. Halafu mpigie mtu wa nyumbani umuulize. Pengine anajua tayari, naye amekungoja.

Nimalizie na jambo dogo. Mnajua Nakato anapika matoke siku zake za mapumziko. Kisu changu kidogo nilikuwa nakifungia kwenye sanduku, na akikiomba nilikaa kitandani nikimwangalia mpaka akioshe na kunirudishia mkononi. Hakuwahi kulalamika, ila alikuwa akiniambia, "Nyabo," yaani bibi kwa Kiganda, "hiki kisu umekilipia mahari?" Juzi aliomba tena. Nilifungua sanduku nikampa, mpini ukimwelekea yeye. Akaenda nacho jikoni kwa wenzake kule mwisho wa korido, nikasikia wanaongea na kucheka. Nikavua viatu, nikajifunika shuka.

Nililala kabla hajakirudisha.