Eleuterio Xolalpa na Sahani ya Tarehe Thelathini Septemba

Padri, wasimamizi wa sikukuu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu mkapanda hadi hapa makaburini, familia imenituma mimi, Hermelindo Cedillo, mdogo wa mjane, niwasomee maisha ya shemeji yangu, na dada ameagiza yasomwe yote, hata yale ambayo baadhi yenu mngependa yapitwe kimya.

Marehemu Eleuterio Xolalpa Meneses alizaliwa tarehe 20 Februari 1954 hapa San Miguel Xocotlapa, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Crescencio Xolalpa na Bi Paula Meneses, akapewa jina la mtakatifu wa siku hiyo kama ilivyo ada yetu. Alisoma shule ya kijiji kuanzia mwaka 1961, akaishia darasa la nne, akaingia karakana ya fataki ya baba yake kule mashambani, ambako alifundishwa kwamba anayechanganya baruti huchanganya peke yake na wengine wote hukaa nje, na kwa sababu ya sheria hiyo yeye alipona tarehe 3 Mei 1972, siku baruti ilipomchukua Mzee Crescencio.

Mnara wake wa kwanza wa fataki aliuwasha tarehe 29 Septemba 1975, sikukuu ya Malaika Mkuu, mnara wa matete wenye magurudumu sita ya moto, taji lake likaruka likapotea mawinguni, na kuanzia usiku ule hakuna aliyeuliza tena nani atengeneze mnara wa mwaka unaofuata. Kumwomba fundi hapa kwetu hakuna karatasi wala sahihi, kila mtu anajua, asubuhi ya tarehe 30 wasimamizi wapya huja na bata mzinga katika mchuzi wa pilipili na kakao, wakaweka sahani mbele ya fundi, na fundi akila amekubali, asipokula amekataa, na sahani iliyokwisha kuliwa hairudishwi.

Tarehe 14 Mei 1983 alifunga ndoa na Otilia Cedillo, ambaye alitoa sharti moja mbele ya wazazi wa pande zote mbili, akisema, "Siku tutakapokuwa na paa na cha kula bila baruti, unatoka mle ndani," naye akaitikia bila kusita kwamba atatoka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Noemi, aliyezaliwa tarehe 8 Novemba 1985 na ambaye ni muuguzi mjini Puebla, na Uriel, aliyezaliwa tarehe 17 Juni 1991, ambaye hayuko hapa kaburini, na sababu yake itasomwa.

Mwaka 2009 paa lilikuwepo, nyumba mbili za kupangisha zilikuwepo Puebla, mashine ya kusaga mahindi ilikuwepo na foleni ilianza kabla jua halijachomoza, kwa hiyo marehemu mwenyewe, akiwa na miaka hamsini na mitano, alitangaza mezani kwamba mnara wa mwaka ule ndio wa mwisho. Tarehe 30 Septemba, nguo zikiwa bado zinanuka moshi na watoto wa mtaa wakiimba jina lake mlangoni, dada alimnong'oneza, "Baba Uriel, leo usile," akamjibu, "Mke wangu, naonja mchuzi tu," na alipoinua uso, paja zima la bata mzinga lilikuwa limebaki mfupa.

Ikawa hivyo mwaka baada ya mwaka, kila Agosti anaapa, kila Septemba anakula, na dada akafika mahali pa kujua kwamba siku mbaya imefika kwa kunusa kakao barabarani. Tarehe 2 Agosti 2012 alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, dada akamwambia hospitalini, "Heri nusu shari kuliko shari kamili, tutoke sasa," naye akainua mkono uliofungwa bendeji akacheka kwamba vinane vinamtosha, kucheka ambako sisi tuliokuwepo hatukukupenda.

Kuhusu ugonjwa, mikono ilianza kumtetemeka mwishoni mwa mwaka 2017, na tarehe 11 Aprili 2018 daktari alimwambia waziwazi kwamba ni maradhi ya neva, hayaponi, na baruti aisahau. Lakini maradhi yale yalikuwa na ujanja wake, mikono ilitetemeka ikiwa imelala mapajani, ikishika kazi inatulia, marehemu akalichukua hilo kuwa ushahidi, akawa anamwambia kila mtu, "Mnaona? Kinachoniua ni kukaa bure."

Hata hivyo, na hili tunalisema kwa heshima yake, tarehe 30 Septemba 2018 alimtii mkewe, sahani ilipowekwa akaficha mikono chini ya meza akasema, "Nashukuru, nimeshiba," na dada akaanza kulia kwa furaha. Ndipo mkubwa wa wasimamizi, bila ubaya, kwa mazoea tu, akaisogeza sahani nafasi moja upande wa kulia, alipokaa Uriel, akisema, "Basi ale kijana, damu ni ileile," na Uriel akala. Marehemu aliitazama kila tonge likiingia kinywani mwa mwanawe, wala hakuna aliyemkataza, sisi sote tulikuwepo, na aibu hiyo ni yetu sote.

Baada ya wiki tatu alirudi karakana, kumwelekeza kijana tu, alivyosema, ila hakumruhusu achanganye baruti hata siku moja, kila saa ya kuchanganya ilipofika alimtuma mbali. Alhamisi tarehe 12 Septemba 2019, saa nne na dakika ishirini asubuhi, alimtuma akalete gundi kijijini, Uriel akafika kwenye kona ya shamba la mahindi na kusikia kishindo nyuma yake, na marehemu akafariki hospitalini Puebla tarehe 14, saa kumi na moja jioni, baada ya kumwambia Noemi, "Mtoeni kijana mle."

Uriel hayuko hapa kwa sababu tangu alfajiri yuko uani anafunga matete, sikukuu imebaki siku kumi na tatu, anasema yeye alikula. Dada yangu anawaomba wasimamizi, ambao mko mstari wa pili, mtamke mbele ya jeneza hili kwamba sahani ile imerudi, mila au si mila, na kwa kuwa hamjasema neno tangu asubuhi, familia itasubiri hapa hapa, na wachimbaji wameombwa waweke majembe chini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa siku mbili hizo, majirani waliokimbilia moshi wakiwa na ndoo, na mafundi wenzake waliombeba mpaka kwenye gari.

Shemeji, pumziko uliloliahirisha miaka kumi Mungu akupe leo, na kijana wako tuachie sisi, hatuondoki hapa bila jibu.