Kona Nyeusi ya Mkeka

Benchi la pale Kimuli liko mbele ya gereji ya pikipiki, na wenye benchi ni wawili: Rogasian, mwalimu mstaafu, aitwaye Profesa, na Projestus fundi, aitwaye Waziri kwa kupenda kutoa matamko. Kokuberwa wa Nyakatuntu huwauzia kahawa, mwaka wa tisa huu. Asubuhi hiyo Waziri alikuja na picha kwenye simu: jumba jipya la ofisi za kimataifa huko Arusha, ambako mpwa wake ni mlinzi. Vioo mwanzo mwisho, paa limelala upande, na ukutani, ndani ya fremu, mkeka wa ukindu wenye kona moja nyeusi. Kokuberwa alipouona, aliacha kumimina, akainama kuutazama. Ulikuwa mkeka wake.

— Paa mbona limelala, Waziri?

— Fundi alikuwa na haraka ya kurudi kwao.

— Acha zako! Limeinamishwa mvua iteleze kimyakimya, mkutano usikatike.

— Na vioo, Profesa?

— Bosi awaone wanaosinzia.

— Haya, mkeka ukutani? aliuliza Profesa naye. Watakalia nini?

Waziri akashusha sauti.

— Ile ni ramani, mzee wangu. Mistari ni barabara. Kona nyeusi ni bati letu la migodini hapa Kyerwa. Wameshaliona!

— Tumekwisha.

Kokuberwa alitaka kucheka, akaacha. Kona ile aliimalizia wiki aliyomzika mumewe. Rangi ya zambarau iliisha, naye hakuwa na moyo wa kutafuta nyingine, akatia nyeusi iliyokuwepo. Akauuza mkeka kwa mchuuzi mpita njia.

Hapo akafika Jovitha, afisa kilimo mgeni.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akaichukua simu, akaikuza picha.

— Hapa chini wameandika, "Msukaji hajulikani."

— Nimesuka mimi, alisema Kokuberwa. Na hiyo nyeusi ni msiba wa mume wangu, si bati.

Profesa akaweka kikombe chini.

— Basi mpwa wako awaambie waandike jina, Jovitha alimwambia Waziri, kalamu mkononi. Mama yetu anaitwa nani?

Waziri alimtazama Profesa. Profesa alitazama kikombe.

— Andika tu… Mama Kahawa, alisema Waziri.

— Kahawa imeisha, alisema Kokuberwa.

Akafunika birika ambalo bado lilikuwa zito, akaketi karibu na Jovitha, akamtajia jina lake herufi moja moja, kwa sauti ya kusikika benchi zima.